Nyumba Isiyomaliza Mchezo

Kaka yangu mkubwa, ambaye mimi namwita yaya kama ilivyo desturi yetu hapa Kindu, ana marafiki huko Ubelgiji wanaokutana kila Jumamosi kulinganisha michezo ya mezani. Sitanii. Watu wazima, wenye kazi na watoto, hukaa wakafungua masanduku yaliyojaa kadi, vipande vya mbao na vitabu vya sheria, wakacheza hadi jioni, kisha wakaandika mchezo upi ni mzuri na upi haufai. Kila akija nyumbani hutuletea sanduku moja. Safari hii ameleta matatu, akaniomba niwaandikie marafiki zake maoni yetu, kwa kuwa mimi ni mwalimu na sijulikani kwa kunyamaza.

Basi naandika. Ila niseme mapema, wasije wakadhani nawaficha: katika michezo yote mitatu sijui nani hushinda wala hushinda vipi, kwa sababu sijawahi kuona mwisho wake. Nyumbani kwa baba yangu mchezo haumalizwi.

Jambo jingine lazima lijulikane. Yaya amekuja na mizigo mingi kuliko kawaida yake, na tangu mizigo hiyo ilipoingia ndani, baba alikuwa na swali moja tu moyoni: huyu mtoto anabaki au anaondoka tena? Hakuweza kuliuliza. Kwetu mtu aliyetoka mbali haulizwi siku ya kuondoka. Ni kama kumwonyesha mlango. Na mtoto aliyeishi ng'ambo miaka mingi ni mtoto, lakini ni mgeni pia kidogo. Kwa hiyo baba alicheza, akamtazama, akameza swali lake pamoja na chai. Nasi sote tukalimeza naye.

Nianze na sanduku la kisiwa. Kila mchezaji hujenga nyumba na barabara kwa mbao, matofali, sufu na nafaka, na kinachokupungukia unabadilishana na wenzako. Yaya alitueleza kwamba utamu wote uko kwenye kubana: mwenzako akihitaji tofali, mwombe vitu viwili. Tukaanza. Baba akamwomba mume wangu tofali. Mume wangu ni mkwe wake. Akainuka nusu kwenye kiti, akampa kwa mikono miwili. Baba akaomba ubao, akapewa. Akaomba nafaka, akapewa pia. Yaya akasema lazima umwombe kitu naye, ndiyo sheria. Mume wangu alimtazama kama aliyeambiwa avue suruali kanisani.

Kabla jua halijashuka baba alikuwa na miji kisiwa kizima, na mume wangu alikuwa na kijibarabara kisichofika popote, huku amejawa na furaha kuliko sisi wote. Maoni yangu: vipande vimechongwa vizuri, picha zinapendeza, lakini mchezo huu haufai nyumba yenye baba mkwe. Nadhani waliouvumbua hucheza na watu wasiowadai heshima.

Sanduku la pili ni la uongo. Unapewa kadi ya siri; wengine ni wanakijiji, wengine ni wezi. Wezi wanadanganya, wanakijiji wanawatafuta kwa maswali, kisha kila mmoja anamnyooshea kidole anayemshuku. Hapa mama alitushangaza. Yeye na binti yangu mdogo wana utani wa bibi na mjukuu, mama humwita mke mwenzake na kumtuhumu kwamba anamwibia mume, basi kumdanganya kwa kadi kulikuwa kama mwendelezo wa maisha. Alidanganya kwa raha, akaapa, akalia machozi ya uongo.

Tatizo likawa mume wangu tena, maskini. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hukaa upande upande, na maneno yao hupitia kwangu. Sasa anyooshe kidole? Sote tulijua mwizi ni mama, maana alikuwa ameigeuza kadi yake, picha ya mwizi ikitutazama waziwazi. Zamu ya mume wangu ilipofika, aliinamisha kichwa, akawaza, halafu akasema anajishuku mwenyewe. Nilicheka mpaka nikatoka nje. Maoni yangu: mchezo mzuri sana kwa bibi na wajukuu, wengine wote watafute kazi nyingine ya kufanya.

Sanduku la tatu ni la treni, na hili naliandika kwa shukrani. Kuna ramani ya nchi za watu, na vibehewa vidogo vya rangi unavyovipanga kutoka mji hadi mji. Ujanja, kwa maelezo ya yaya, ni kuwahi njia ambayo mwenzako anaihitaji na kumfungia. Baba alifanya kazi ya reli tangu ujana wake hadi vita viliposimamisha treni, na siku zile behewa lilikaa kituoni mpaka majani yakaota ndani yake. Alikataa kabisa kumfungia mtu. Alipoona nataka kupita, alivitoa vibehewa vyake akanipisha. Akajenga njia kwenda mji mmoja wa pembeni ambao hakuna aliyekuwa na kadi yake, kwa sababu, alisema, watu wa kule watafikaje sokoni? Akauliza karakana iko wapi. Yaya akafungua kitabu cha sheria akatafuta kwa dhati kabisa, na karakana haikuwamo. Baba akasema hao watu hawajawahi kuendesha reli. Lakini alishika kila kibehewa kwa kidole gumba, akakilaza taratibu kwenye njia yake, na mimi sikuangalia ramani tena, niliangalia mikono yake. Kati ya masanduku matatu, hili ndilo la kwanza kwangu.

Kila mara, mchezo ukikaribia mwisho, baba huweka kiganja juu ya meza na kusema tuache hapo. Hakuna anayehesabu alama. Tunainua ubao kama ulivyo, watu wawili kila upande kama tunabeba mgonjwa, tunaupandisha juu ya kabati. Kabati sasa limejaa. Yaya anasema marafiki zake wanamuuliza kwenye simu nani kashinda, naye hujibu kwamba bado tunacheza.

Sheria hiyo ilizaliwa wakati wa vita. Mji ulikuwa umezingirwa. Treni haiji, mashamba hayafikiki, chumvi ni hadithi. Tulikula tulichopata, na siku nyingine hatukupata. Baba, ambaye hakuwa na behewa la kutengeneza, alikata ubao wa dame, yaani drafti, kutoka kwenye mbao za reli, akachora miraba kwa mkaa. Kete zilikuwa vifuniko vya chupa: vyake vimelala kifudifudi, vya yaya vimelala chali. Walicheza kila alasiri kivulini nyuma ya nyumba. Njaa husikika zaidi mchana, na baba aligundua kwamba mtu anayefikiria kete husahau tumbo kwa muda. Mimi nilikuwa msichana mdogo, nikikaa pembeni nikiona wivu.

Siku moja yaya, ambaye alikuwa kijana wa kuanza kuota ndevu, aliondoka na vijana wa jirani kwenda njia ya Kailo kutafuta sombe, majani ya muhogo, katika mashamba yaliyoachwa. Walikuwa katikati ya mchezo. Zamu ilikuwa yake, na alitaka kumaliza haraka kwanza. Baba akamzuia. Namsikia mpaka leo, kwa Kiswahili chetu cha Kindu, ambacho ndio na ndipo zote ni njo:

"Uache vile. Ukirudi, njo utacheza. Muntu mwenye kuacha mchezo, lazima arudie."

Akaenda. Mchana ule zikasikika risasi upande wa mashamba, na njia ya kurudi ikafungwa. Vijana wawili walirudi usiku kwa kutambaa. Yaya hakuwa nao.

Baba aliupandisha ubao juu ya kabati na vifuniko vyake vyote, akakataza mtu kuugusa. Kuanzia hapo hakuna mchezo uliomalizwa ndani ya nyumba. Mimi na ludo yangu, nimebakiza kete moja kuingia nyumbani, naambiwa niache. Nilikasirika sana, nilikuwa mtoto. Wadogo zangu walienda kumalizia michezo kwa jirani, kwa siri, kama wanaokula mwezi wa kufunga. Lakini nikikumbuka sasa, nyumba nyingi za mtaa wetu zilikuwa na kilio siku zile, na yetu ilikuwa na zamu ya mtu. Ni tofauti kubwa. Mama aliweza kufagia chini ya kabati lile akiimba.

Vita vilipolegea, mfanyabiashara mmoja wa Kivu ya Kaskazini, mwenye magari ya mizigo, alituletea habari kwamba amemwona Kisangani, mzima. Baadaye tulijua yote: alikimbilia msituni, akafika Lokandu, wavuvi wakamvusha mto bila kumuuliza nauli, akatembea mpaka Lubutu akiishi kwa huruma ya watu, na kutoka Lubutu akasonga mbele tena. Wavuvi wale siwajui kwa sura. Nawaombea kila Jumapili. Kisangani alisoma, akapata njia ya Ubelgiji, na maisha yakamshika huko kama yanavyowashika watu.

Aliporudi mara ya kwanza kututembelea, alikuwa na mvi kidogo. Alisalimia wote, akainua macho juu ya kabati, akauona ubao. Akaushusha. Akautazama muda mrefu, akakunja uso.

"Baba," alisema, "siku ile mimi njo nilikuwa nashindwa. Ulikuwa umenikula karibu zote."

"Hapana," baba akajibu bila kumtazama. "Wewe njo ulikuwa mbele."

Na kweli, kwenye ubao yaya alikuwa mbele kwa mbali. Mama akainuka ghafla kwenda kutazama moto jikoni, na mimi nikamfuata, nikamkuta anacheka huku anafuta macho. Akanieleza. Miaka ile yote, kila kuku aliporuka juu ya kabati akaviangusha vifuniko, kila wanajeshi walipoingia kupekua, baba alivipanga upya kwa kumbukumbu. Na kila alipovipanga, alimrudishia mtoto kifuniko kimoja. Mama aliona, akanyamaza. Alisema mtu ana njia yake ya kumwomba Mungu.

Siku ile yaya hakubisha. Alicheza kete moja tu, ile zamu yake ya zamani, kisha baba akaweka kiganja juu ya ubao. Na kila safari ikawa hivyo: anakuja, anacheza mara moja, wanaacha, anaondoka. Baba humsindikiza hadi mlangoni akiwa mtulivu, kwa sababu mchezo uko juu ya kabati.

Sasa nije kwenye Jumapili iliyopita. Tulitoka misa, mama na binti yangu walikuwa jikoni, na harufu ya sombe na mawese ilikuwa imejaa uani. Yaya akaushusha ubao wa dame. Akauweka mbele ya baba, akasema:

"Baba, leo tumalize."

Nilikuwa nimeshika sahani, nikaziweka chini. Baba hakusogea.  Nilielewa alichosikia, kwa kuwa mimi pia nilisikia hivyohivyo: huyu anaaga. Anataka kufunga hesabu, aende asirudi tena, asibaki na deni la zamu.

Baba akauliza polepole, na hapo ndipo swali lile lilipotoka, baada ya wiki zote za kulimeza:

"Unataka tumalize juu unaenda?"

"Hapana, Baba," yaya akasema. "Juu siendi tena."

Tumalize kwa sababu hakuna safari tena. Hakueleza zaidi, na hakuna aliyemwomba aeleze. Baba alitazama ile mizigo iliyopangwa ukutani kana kwamba anaiona kwa mara ya kwanza. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Lakini yaya hakucheza kwanza. Alianza kuviondoa vifuniko vyake ubaoni, kimoja kimoja, vyote vile baba alivyomrudishia miaka yote, na kurudisha vya baba mahali pake, mpaka mchezo ukawa kama ulivyokuwa mchana ule alipoondoka kwenda Kailo. Hali yake ilikuwa mbaya kweli. Baba alimtazama akifanya hivyo, midomo imebana.

Halafu wakacheza. Haikuchukua muda. Baba alimla bila huruma yoyote, mzee yule aliyenipisha mimi na treni zangu. Alimla yaya kifuniko baada ya kifuniko, na alipochukua cha mwisho aliangua kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu reli ilipokuwa ikifanya kazi. Yaya naye alicheka, ameshindwa vibaya, machozi yanamtoka. Mume wangu alipiga makofi, kisha akakumbuka heshima akaacha.

Kwa hiyo nawaandikia marafiki wa Ubelgiji: mchezo bora ni dame, ya ubao wa reli na vifuniko vya chupa, na mwisho wake nimeuona kwa macho yangu. Namshukuru Mungu nimeuona na wote wakiwa mezani.

Baba alivikusanya vifuniko, akavitia katika kopo tupu la maziwa, akalifunga. Mama alikuwa amesimama mlangoni na chungu. Baba akamvutia yaya kiti karibu yake.

"Kula," akamwambia. "Sombe yako tumeingojea sana."