Lisper Mtoro

Mwaka wa 1997 niliambiwa nimtoe msichana niliyemficha, la sivyo nifungashe virago niende nyumbani.

Shida ni kwamba msichana mwenyewe hakuwa amezaliwa.

Ngoja nianze mwanzo, maana najua kuna mtu hapo tayari anasema huyu mama ameanza uongo wake.

Mimi ni Risper Ayuma. Nilikuwa Fomu Foo kwenye shule ya bweni huku Kabras. Jina la shule naliacha, walimu wengine bado wako hai na tunakutana sokoni. Muhula huo tulipata kompyuta yetu ya kwanza, zawadi ya wageni fulani wa kanisa.

Wueh! Kompyuta ilipewa chumba chake, pazia na zulia. Sisi tulikuwa tunalala wawili wawili kwa kitanda kimoja.

Prinsipo wetu, Bwana Lazarus, alikuwa anavua viatu kabla ya kuingia humo. Kisha akatangaza paredi: "Kuanzia leo, kila mtu yuko kwa kompyuta. Kama hauko kwa kompyuta, haupo! Na ni herufi kwa herufi!"

Tukapiga makofi. Wajinga sisi.

Mwalimu Joash wa hesabu ndiye alikuwa amefundishwa kuitumia. Alituingiza mle ndani kwa zamu, miguu mitupu.

"Hii ni kama kabati lenye droo nyingi," akasema. "Kila mwanafunzi ana droo yake. Nje nimeandika jina. Ndani nimeweka darasa, bweni, anwani ya mzazi na alama za mtihani. Nikitaka alama za Pascalia, naandika Pascalia, inaniletea droo ya Pascalia peke yake. Haichokangi."

"Na jina likiandikwa vibaya, Sir?" Pascalia akauliza. Huyo ndiye tulikuwa tunashiriki kitanda.

"Kompyuta haikosei."

Hilo halikuwa jibu la swali, lakini nani angembishia mtu mwenye ufunguo wa chumba chenye zulia?

Mitihani ya katikati ya muhula ikaisha. Mwalimu Joash akaanza kuingiza alama. Siku hiyo hiyo nikaitwa ofisini.

"Ayuma, kuna shida kidogo," akasema. "Wewe haupo."

"Sir, si ndio huyu nimesimama?"

"Kusimama umesimama. Lakini nimeandika Risper Ayuma, mashine inasema hakuna."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mchana nikaenda daining. Tracy, kapteni wa daining, alikuwa mlangoni na karatasi iliyotoka kwa ile printa yenye kelele za posho mill. Akapitisha rula chini ya majina mpaka mwisho.

"Aki Risper, pole. Haupo."

"Tracy, tumekaa dawati moja tangu Fomu Wani!"

"Nakujua. Lakini karatasi haikujui."

Siku hiyo nilikula ukoko wa obusuma, ugali wetu wa Kiluhya, kutoka sahani ya Pascalia, nimechuchumaa nyuma ya jikoni. Nililia, sitadanganya. Ijumaa ya wiki hiyo diski yenye majina ya watahiniwa ilikuwa inapelekwa Nairobi. Ukikosa kwenye diski, hakuna mtihani wa mwisho. Miaka minne yote inakwenda na maji.

Kumbe hayo yalikuwa mepesi. Kesho yake paredi, Bwana Lazarus akapanda jukwaani amefura.

"Kuna mtoro hapa! Kompyuta imemshika! Hana alama hata moja, hajafanya karatasi hata moja, na chakula cha shule anahesabiwa! Lisper Ayuma, toka mbele!"

Masikio yangu yalisikia jina langu. Nikatoka.

"Wewe ni nani?"

"Risper Ayuma, Sir."

"Sikukuita wewe. Wewe haupo. Nimemwita Lisper."

"Ndio mimi, Sir. Lisper."

"Umesema ulikuwa Risper!"

"Ndio, Sir. Risper."

Jameni! Mimi nilikuwa naona mtu mzima amerukwa na akili, naye alikuwa ananiona hivyo hivyo.

Akachungulia karatasi yake, akanichungulia mimi, akafikia uamuzi. "Sasa nimeelewa. Huyu anamfichia dada yake utoro! Mpaka Ijumaa uwe umemleta Lisper hapa, ama wewe na yeye nyote mwende nyumbani."

Akamwandikia mzazi wa Lisper barua kali, akamtuma mlinzi aipeleke siku hiyo hiyo. Anwani ilikuwa kwenye droo ya Lisper.

Ilikuwa anwani ya mamangu.

Mama alifika Jumatano amekunja kitenge, ingokho mmoja, yaani kuku, kwapani, hasira imejaa mpaka shingoni. Hakusalimia mtu.

"Mwarimu! Nani amesema Lisper wangu ni mtolo?"

Mwalimu Joash akainua kichwa polepole. "Mama, hebu sema tena jina la mtoto."

"Lisper! Si ndiye huyu amesimama hapo?"

"Sema Lumakanda."

"Rumakanda."

"Sema lori."

"Rori. Mwarimu, nimekuja kwa mtoto, sikuja kusoma!"

Mwalimu Joash alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Siku alipokuwa anaandikisha majina, mama alikuwa amekuja kulipa karo, naye ndiye alimtajia jina langu; mwalimu akaandika alivyosikia. Maisha yangu yote mama ameniita Lisper, nami sikuwahi kusikia tofauti. Kwetu L na R ni herufi moja yenye siku nzuri na siku mbaya.

"Kompyuta haisikii jina," akatueleza, sauti imeshuka. "Inageuza kila herufi kuwa namba. L ni sabini na sita. R ni themanini na mbili. Namba zenyewe inaziweka kwa sifuri na moja tu. Kwake Risper na Lisper ni watu wawili kabisa."

"Haijui sisi ni Waluhya?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Haijui."

"Khane! Kumbe!" mama akasema, akamwangalia yule mashine kwa huruma.

Hapo ingeisha vizuri. Lakini Mwalimu Joash aliwaza: kama L imeingia kwa jina moja kimakosa, pengine imeingia kwa mengine. Akaiamuru kompyuta igeuze kila L iwe R. Kote. Kabla ya hapo alinakili majina yote kwenye diski ya pembeni, Mungu ambariki.

Alhamisi mchana nikafika daining. Tracy akapitisha rula. "Risper Ayuma. Uko! Pita."

Nyuma yangu: "Cleophas?"

"Haupo. Kuna Creophas."

"Pascalia?"

"Kuna Pascaria."

Foleni ikakwama, ikarudi nyuma mpaka kwenye shamba la miwa. Ndani tulikuwa tumekaa wachache tuliopita kabla mlango haujaziba, mimi, mwenzangu Khaemba na wengine wawili wasio na L jinani, mbele ya sufuria ya maharagwe ya shule nzima. Halafu akaja prinsipo kuonja chakula, kama kawaida yake.

"Jina, Sir?" Tracy akasema.

"Unaniuliza mimi jina? Lazarus!"

"Haupo, Sir. Kuna Razarus."

"Ndio mimi huyo!"

"Sir, ulisema herufi kwa herufi."

Kicheko kilichotoka kwenye ile foleni sijawahi kukisikia tena. Bwana Lazarus alienda chumba cha kompyuta bila kuvua viatu. "Joash! Rudisha kila kitu kama kilivyokuwa! Saa hii!"

Mwalimu Joash akachukua ile diski ya pembeni, akarudisha kila kitu. Cleophas akawa Cleophas. Prinsipo akala. Ijumaa asubuhi diski ikaenda Nairobi, nami nikaipungia mkono nikishukuru.

Unaona nilichokosa kuona?

Kila kitu kilirudi kama kilivyokuwa.

Majina ya watahiniwa yaliporudi na kubandikwa ukutani, Risper hakuwepo. Alikuwepo Lisper Ayuma, yule mtoro. Mwalimu Joash alikiri muda wa kubadilisha umepita, akaniomba msamaha machozi yakimlengalenga. Nilifanya mtihani kwa jina lake. Akafaulu, akaitwa chuo cha ualimu, akaajiriwa. Kitambulisho ilibidi nikibadilishe kifuate cheti.

Siku hizi nafundisha kompyuta. Wanafunzi wangu nawaambia hivi: mashine inakuwekea ulichoipa, haikuwekei ulichomaanisha. Na nakala ya pembeni inatunza hata kosa, kwa hivyo soma kabla ya kuhifadhi.

Nilipompelekea mama cheti, aliniambia nimsomee jina. Nikamsomea.

"Sasa mlikuwa mnasumbuana nini?" akasema. "Si ndilo nililowaambia?"