Neno nililoandika kwenye mlango wa garaji

Karibu wiki mbili nalizungusha jambo hili kichwani, na bado sina hakika kama nilikosa. Kila nikiligeuza, upande mwingine nao unaonekana una haki yake. Shule niliiachia darasa la sita, kwa hiyo nitaeleza tu kama yalivyokwenda.

Jumapili baada ya swala ya adhuhuri tunakutana kwenye garaji ya rafiki yetu, hapa mtaani Buyenzi. Tangu mafuta yawe ya kutafuta kwa tochi, magari yanalala pale wiki nzima na mafundi wana nafasi kuliko walivyoomba. Mwenye garaji ana televisheni, na mpwa wake aliyeko Ubelgiji alitufungulia abonema, yaani malipo ya kuangalia ngumi kwenye intaneti. Tunachanga kwa miezi mitatu mitatu. Mapambano yenyewe yanapigwa Amerika wakati sisi tunatawadha kwa alfajiri, kwa hiyo tunaangalia marudio. Ndiyo maana mlangoni kuna sufuria. Ukiingia unaweka simu yako mle, inafunikwa, asije mtu akasoma matokeo akatuharibia siku.

Sauti tunaizima, maana watangazaji wanakuwa na mtu wao tangu mwanzo. Kila mmoja anapewa kipande cha boksi la vipuri na kalamu, anaandika pointi raundi kwa raundi bila kusema kitu. Pambano likifika mwisho, mimi nakusanya vipande na kuvisoma bila kutaja ni cha nani. Lakini mtu akiangushwa kabla, hatuvisomi. Nani atauliza pointi wakati mmoja amelala? Tunavitupa kwenye boksi la plagi kuukuu za magari, basi.

Kazi hiyo nilipewa kwa sababu zamani nilikuwa napiga kengele kwenye mapambano ya mtaa. Niliwaambia kupiga kengele si kuamua. Wakasema ni mamoja. Sikubishana sana, na labda hapo ndipo nilipaswa kubishana.

Mwanzoni abonema ilitupa ngumi za kweli. Halafu ikaanza kuwa kama chai iliyoongezwa maji. Unapata pambano kuu moja zuri, na chini yake manne ya kujazia: kijana ambaye hajawahi kupigwa analetewa mtu wa miaka arobaini, tumbo limelegea, ametoka mbali, na raundi ya pili yuko chini. Mtu kama huyo tulimwita gunia. Watu wakaanza kuuliza kama tuendelee kuchanga. Mimi, kwa kutaka haki, nikasema tusibishane kwa hasira, tuandike. Basi kila Jumapili nilikuwa naandika kwa chaki kwenye mlango wa chuma: "limefaa", au "halikufaa", na pale mtu alipoletwa aanguke tu, "gunia".

Sasa shemeji. Ni mume wa dada yangu mdogo, na alikuwa bondia. Mikono yake inatetemeka siku hizi, kikombe anajaziwa nusu, na maneno yanamfikia yamechelewa. Sokoni watu wanamalizia sentensi zake. Garajini tunamngoja amalize mwenyewe, kwa sababu anaona tusichoona. "Mu-angalie... mguu wa nyuma," anasema, na raundi inayofuata ni mguu ule ule unaomponza mtu. Dada yangu aliwahi kuniambia, "Kaka, Jumapili yenu ndiyo siku anavaa shati bila kuambiwa. Zingine zote namuvalisha mi."

Siku yenyewe, pambano la nne, aliingia mzee mwenye bukta nyeupe na mvi kwenye ndevu. Raundi ya pili alianguka. Rafiki yetu dereva wa teksi akapiga paja.

"Huyo alikuja kulala tu! Wamemulipia hoteli, yeye anasema kitanda iko mbali, nilale hapa hapa!"

Tulicheka, na mimi nilicheka. Nikainuka, nikachukua chaki, nikaandika: gunia.

"Shemeji," nikasikia sauti ya mume wa dada yangu nyuma yangu. Tukangoja. "Na mi?"

"We nini, shemeji?"

"Uvira. Mi ungeniandika... nini?"

Walio wakubwa pale walijua. Miaka mingi nyuma aliitwa Jumatano akapigane Uvira, ng'ambo ya mpaka, Jumamosi, na mtu mzito kuliko yeye. Alikwenda. Raundi ya pili alianguka, na aliporudi Buyenzi watu walisema ameuza pambano. Hakuwajibu hata siku moja. Nilikwenda naye, kengele ya siku ile niliipiga mimi, na mimi pia sikuwahi kumuuliza kama ni kweli.

"Ile ilikuwa tofauti," nikasema.

"Tofauti ya nini?"

Mwenye garaji akamwambia shemeji, "Apana, mukubwa, muache, ni michezo tu." Shemeji akaweka kipande chake juu ya meza, akafunua sufuria, akatafuta simu yake kati ya zetu kwa muda mrefu kwa ile mikono. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akaenda.

Jumapili iliyofuata hakuja. Dada yangu akanipigia. "Kaka, umemufanya nini? Hanyoi. Nikiwasha redio anazima."

Nilitaka kujitetea, na utetezi ninao. Sikumtaja yeye. Na pambano lile kweli halikufaa. Wenye abonema walituuzia kitu chepesi, nisiposema hivyo nitakuwa nasema uongo kwa ajili ya undugu. Lakini kitu kilinikera: mimi niliyejisifu kwa haki nilikuwa nimemhukumu mtu kwa namna alivyoanguka.

Alhamisi nikamuomba mwenye garaji televisheni. Hakukuwa na gari la kutengeneza, akaniacha. Nikaangalia lile pambano tena, macho kwa yule wa bukta nyeupe tu. Raundi ya kwanza alimfanya yule kijana apige hewa. Mkono wake wa kushoto ulifika usoni mara nyingi, si wa nguvu, lakini ulifika. Nikarudisha, nikahesabu upya, maana sijiamini. Raundi ile ilikuwa yake.

Nikaenda kwenye boksi la plagi, nikatafuta vipande vya siku ile. Vyote vilimpa kijana raundi ya kwanza, na changu kimo. Kimoja tu kilimpa mzee kumi, kijana tisa, kwa mwandiko uliokwenda kama njia ya sisimizi.

Nikakichukua, nikaenda kwake. Alikuwa amekaa uani, ndevu zimeota. Nikampa kipande mkononi.

"Raundi ya kwanza aliichukua mzee, shemeji. Uliona we peke yako. Mi sikusoma."

Akakiangalia. "Hata mi... Uvira. Ya kwanza nilishinda." Akaniinulia macho. "Uliona?"

Kusema ndiyo kungekuwa rahisi. Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia, naye aliningoja niseme ndiyo. Lakini mpiga kengele haangalii ulingo.

"Sikuona, shemeji. Nilikuwa naangalia saa."

"Dakika tatu... zote?"

"Zote."

Akakigeuza kile kipande mkononi. Halafu akasema, "Wallahi, sasa gunia ilikuwa we." Midomo ilicheza kidogo. Sijui kama ulikuwa utani. Dada yangu hakucheka. Nilikuwa na swali jingine, lile la Buyenzi yote, kama aliliuza pambano, na nikaona kwa uso wake kwamba analijua. Nikanywa chai nikaliacha.

Nilipoinuka aliuliza, "Munaanza saa ngapi?" kama hajui.

"Baada ya swala, shemeji. Kama siku zote."

Hakusema atakuja.

Jana nilipita garajini na kitambaa chenye maji. Yale ya "halikufaa" nimeyaacha, maana ni kweli, na kesho watu watapiga kura ya abonema wakiyaangalia. Kila "gunia" nimelifuta. Kura yangu mwenyewe bado siijui. Nikisema tuache, nitakuwa mkweli, na shemeji atakuwa hana Jumapili. Nikisema tuendelee, nitakuwa nachangisha watu kwa kitu ambacho mwenyewe nimekiandika hakifai.

Leo ni Jumamosi. Dada yangu amenitumia ujumbe sasa hivi: shemeji amelitoa shati kabatini, amelirudisha, amelitoa tena.