Siku Arobaini za Kidonda cha Moto

Kwa miaka mingi hapa Galbet niliwatibu watoto wenye ugonjwa wa manjano kwa kuwachoma kwenye kifundo cha mkono kwa kijiti cha moto, kama alivyonifundisha baba. Mama wa mtoto akiniuliza habari za chanjo, nilimjibu, "Subiri. Mwili uliochomwa haudungwi sindano mpaka zipite siku arobaini." Sikuwa nakataza chanjo, nilidhani namhurumia mtoto. Wengi walisubiri, kisha wakahama na mifugo, wakasahau.

Surua ilipoingia, niliwasalia jeneza watoto wawili niliowachoma kwa mkono wangu. Tangu hapo sichomi tena. Kila mama namwambia aende zahanati.

Juzi alikuja binti wa ndugu yangu na mtoto mchanga, amechomwa na tabibu mwingine.

"Mpeleke akachanjwe leo," nilimwambia.

"Adeer, ami yangu, si wewe uliyesema arobaini?"

"Nilikosea, binti yangu."

Alicheka. "Umezeeka, adeer. Mama mkwe anayajua maneno yako kuliko wewe."

Akamfunga mtoto mgongoni, akarudi nyumbani. Alhamdulillahi kwa umri niliopewa, lakini hautatosha kuyafuata maneno yangu kila boma yalikofika.