Nilimchoma mdogo wangu mkasi kwa ajili ya katuni isiyokuwa yetu

Admin, naomba jina langu ulifunike. Ukisema natokea Ng'ambo, hapa Tabora, inatosha. Nina miaka thelathini na sita, nimeolewa, nina watoto watatu, na kazi yangu ni kufuma vidoli kwa kroshia. Humu wengi huandika waliyotendewa. Mimi naandika nililolitenda.

Mdogo wangu, nitamwita Neema, tumetoka tumbo moja kule Igalula. Baba yetu alikuwa mtu wa fimbo. Akianza, mimi nilikuwa namlalia Neema juu, fimbo zote zinaishia mgongoni kwangu. Nilipoolewa mjini nikamchukua, nikamfundisha kufuma, akaiva mpaka akapanga chumba chake mwenyewe.

Kuna katuni ya watoto ilishika sana mtaani kwetu, ya kiboko wa buluu aliyevaa raba nyekundu. Kila mtoto alimtaka. Nikakaa na simu ya mume wangu, nasimamisha picha, nafuma, nafumua, karibu miezi miwili, hadi kiboko akatoka vilevile alivyo. Kisha nikaandika maelekezo yake kwenye daftari, mstari kwa mstari: vitundu vingapi, wapi uzidishe, wapi upunguze. Nikawa nauza vidoli, na maelekezo nayauza kwa simu kwa wafumaji wa mikoa mingine. Watu wakaniita Mama Kiboko. Nikavimba kichwa.

Jumamosi moja mteja wangu wa Kigwa akanipigia. "Mama Kiboko, mbona haya maelekezo Neema naye anauza, tena kwa jina lake?" Akanitumia. Ni daftari langu neno kwa neno, hata pale nilipokosea kuhesabu.

Nilitoka bila kuvaa viatu. Nilimkuta barazani kwake, saa nane mchana, anafuma kiboko.

"Umeniibia, Neema."

"Dada, nilitaka nikwambie. Lakini hata mimi nilisaidia, namna ya kufuma zile raba niliipata mimi."

Ni kweli, aliipata yeye. Nikampiga kofi. Akainuka, nikampiga la pili, nikamshika nywele nikamgongesha ukutani mara mbili, akaporomoka akakaa chini na kiboko wake mapajani, kapu la uzi likamwagika. Hakurudisha hata kidogo. Akanitazama tu, damu ya pua inamshuka, akasema, "Umekuwa kama baba."

Mkasi ulikuwa sakafuni. Nimejidanganya muda mrefu kwamba nilitaka kukata kile kidoli. Si kweli. Nilimlenga yeye, usoni. Akakinga kwa mkono wa kulia, mkasi ukazama kwenye kiganja. Nikauchomoa nikamchoma tena, juu kidogo ya kifundo cha mkono. Hakupiga kelele. Alikuwa anasema polepole, kama anayebembeleza mtoto, "Dada, basi. Dada, basi." Kiboko wa buluu alikuwa mapajani kwake, amelowa damu.

Mkasi ukanitoka mkononi. Nikamfunga kwa kanga yangu, tukakimbilia hospitali. Muuguzi akauliza kama amepigwa, kwa sababu akipigwa lazima ipatikane fomu ya polisi, PF3. Nilifungua mdomo, Neema akaniwahi. "Nililewa, nikaangukia chupa." Muuguzi akanitazama mimi. Nikatazama chini.

Mishipa ilikatika. Vidole viwili havikunji tena. Sindano ya kroshia haishiki.

Hazikupita wiki tatu, sote wawili tukapata barua kwenye simu kutoka kwa mawakili wa wenye katuni: tuache kuuza vidoli na maelekezo, tuondoe picha zote. Nikampelekea wakili mmoja mwanamama hapa mjini. Akaisoma, akavua miwani.

"Maneno uliyoyaandika ni kazi yako, na mdogo wako hakuwa na ruhusa ya kuyanakili," aliniambia. "Ila sura ya kiboko ina hakimiliki ya waliomchora, na jina lake wamelisajili kama alama ya biashara. Kuuza kidoli chake, au maelekezo ya kumfuma, unahitaji kibali chao. Hata ukimbadilisha rangi, akiwa bado anatambulika, ni huyo huyo."

"Kwa hiyo hakuwa wangu?"

"Hakuwa wako, hakuwa wa mdogo wako. Mligombania shamba la mtu."

Sikumwambia lile shamba tuligombania kwa kitu gani. Nilirudi nyumbani nikachoma vidoli vyote uani. Moshi wa ule uzi ulinitapisha.

Ndugu zangu, kinachoniua ni kilichofuata. Neno la ulevi lilisambaa. Kanisa likamtenga Neema, na kwaya aliyokuwa akiimba ikamsimamisha. Kijana aliyekuwa ameshaleta posa, wazazi wake wakaivunja. Mama akapanda treni kutoka Igalula, akafika kwangu, nilikokuwa namuuguza Neema, hata maji hakunywa, akamzaba makofi mbele yangu. "Umetuvua nguo! Binti mzima unalewa mpaka unaanguka!" Mimi niliyekuwa namlalia juu zamani, siku hiyo nilisimama mlangoni nimeshika sahani.

Mama alipoondoka nilimwambia Neema nakwenda kusema ukweli. Akanishika kwa ule mkono mzima. "Ukisema utafungwa. Wanao watalelewa na nani? Mimi mkono umeshakwenda, haurudi. Nyamaza, dada."

Nimenyamaza miezi minne. Mume wangu hajui. Mama hajui.

Sasa Jumapili hii Neema anarudishwa kundini. Atasimama mbele ya kanisa zima kutubu ulevi ambao hajawahi kuuonja, na wazee wa kanisa wamenipanga mimi, dada yake mkubwa, nisimame kando yake nimwombee msamaha kwa waumini.

Nikishapewa kipaza sauti, niseme nini? Nishaurini, wala msinionee huruma.