Udi Ndani ya Mashine ya Kaka

Kaka yangu hakuniomba simu wala saa. Aliniomba nimtafutie mashine ya kizamani ya kuhifadhia kumbukumbu za kompyuta, zile za sahani, yenye umbo la mashine ya kufulia na uzito wa mafriji mawili. Ujana wake kaumalizia kazini hapa Maskati, katika chumba cha kompyuta cha ofisi moja ya Al Khuwair, kisha akaoa Unguja akabaki huko huko. Aliondoka na seti moja ya sahani, imekaa ndani ya kifuniko cha plastiki kama keki, na miaka yote hii hana mashine ya kuizungushia. Siku hizi anasafishwa figo kila wiki, safari hawezi tena. Alitaka aisikie ikizunguka, japo mara moja, kabla hajafa. Alinambia hivyo hivyo, bila ya kupamba.

Basi nikatafuta. Mie si mtu wa subira, muulize yeyote kazini kwangu, lakini nilizunguka Ghala, mtaa wa magereji, mpaka wauza vyuma chakavu wakawa wananipa chai kabla sijafungua mdomo. Niliipata nyuma ya majenereta mabovu, imefunikwa turubai. Mwenyewe akadhani ni ya kufulia kweli, akaninasihi ninunue mpya, eti hizi hazikamui vizuri. Foklifti ikaipakia, pikapu ikachuchumaa nyuma, tukaondoka polepole. Nyumbani waliishusha wanaume wanne, kila mmoja akiilaani kwa lugha ya kwao. Tukaiweka barazani ingoje kontena, maana jamaa zetu huchangia kontena moja kupeleka vitu Unguja.

Kesho yake narudi kutoka kazini, harufu nimeipokea getini. Mama kakaa kitini pembeni ya mashine, mfuniko umefungwa, na moshi mwembamba unatoka kwenye upenyo.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimeifukiza. Kitu kinakwenda kwa mwanangu, kiende kinanuka gereji? Nimetia ule udi wangu wa Idi."

Kafungua mfuniko, katia chetezo ndani mle zinamokaa sahani, kisha kafunika, kama anavyofukiza nguo.

Sasa, kichwa cha kusomea cha mashine hizi huelea juu ya sahani kwa upenyo mdogo hata jicho haliuoni. Chembe ya moshi ikiingia hapo, sahani inachunika na kilichoandikwa kimekwenda. Kaka aliwahi kumzuia mkubwa wake wa kazi mlangoni kwa sababu kanzu yake inanukia udi. Na huu wa mama haukuwa moshi wa kanzu.

Nilipandisha hasira, sikufichi. Nikamnunia mama, naye akaninunia zaidi, maana hajui kosa lake ni lipi. Kisha nikamtazama. Miguu imemkataa, mwanawe hajamtia machoni miaka mingi, na udi ule huwa hamgaii mtu. Nikaona haya, nikamwandalia chai.

Nikatoka nje nikampigia kaka, nikamweleza yote.

"Sawa," akasema.

Nnaijua sawa yake ile. Nililia ndani ya gari, nikafuta uso, nikarudi ndani.

Kontena lilipofika, wifi yangu alitupigia simu ya video ili tumwone kaka akiifungua. Kakonda, na mkononi kashika kitambaa na chupa ya spiriti, tayari kusafisha. Akafungua mfuniko. Akainama, kichwa chote kikaingia ndani, akabaki hivyo, anavuta pumzi ndefu ndefu. Nilidhani anakagua.

"Kaka," nikamwita, "itasafishika?"

Akainuka. Chupa kaiweka chini bila ya kuifungua, akaurudisha mfuniko taratibu, akaubana kwa viganja viwili. Macho yake mekundu.

"Hapana mtu atakayeisafisha," akasema.

Mama akaninyang'anya simu. "Imewaka, mwanangu?"

"Imewaka, mama."

"Inafanya kazi vizuri?"

"Vizuri sana. Allah akuweke."

Waya wa umeme niliuona nyuma yake, uko sakafuni, haujafunguliwa hata kamba. Mama akanirudishia simu huku akijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Umeona?" akanambia. "Na wewe ulivyoninunia."