Krismasi Isiyo na Foili

Mpaka leo nikiona karatasi ya foili masikio yanapata moto, na mke wangu (ambaye hakuwepo, lakini ameshasimuliwa na nusu ya Dallas) hunicheka kabla sijafungua mdomo, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaipata ikiwa imetiwa chumvi.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nasoma chuo Richardson, jirani na Dallas, na kuishi kwa Dada Rehema, na Watanzania tulikuwa wachache kiasi kwamba Krismasi moja ilitutosha wote, Wakristo kwa Waislamu, kwenye ukumbi mdogo wa apatimenti zake. Mwaka ule sherehe ilikuwa na uzito wake. Mchumba wa dada, Shemeji Yona, alikuwa anamleta mama yake kutoka Houston, kule Sharpstown, aje amwone mkwe kwa mara ya kwanza, na sote tulijua Mama Yona ameshamkataa binti mmoja kabla ya huyu (eti alimkaribisha kwa chai iliyopoa).

Basi mimi, ambaye enzi hizo nilihoji hata kwa nini wiki ina siku saba, nikamuuliza dada kwa nini kila Krismasi tunaimaliza kwa mifuko na mifuko ya sahani za kutupa na foili, vitu tunavyovitumia jioni moja halafu vinakaa ardhini mpaka wajukuu zetu wazeeke.

"Tangu uanze hicho chuo kila kitu ni kwa nini," dada akasema, huku anachambua mchele. "Haya, unatakaje?"

"Kila mtu aje na sahani yake, na chombo chake cha kufungasha. Hatununui hata kitu kimoja cha kutupa."

"Nikiaibika mbele ya Mama Yona, utahama."

Nikapiga simu nyumba hadi nyumba, najiona nabii.

Kitu ambacho elimu yangu haikunionyesha ni kazi ya ile foili. Dada alikuwa anaificha kabatini mpaka kila mtu ashibe, ndipo anaitoa na kufungasha kwa mkono wake, huyu kidogo, yule kidogo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kubeba chakula kabla ya wakati. Sasa watu wakaja na vyombo mkononi, na vyombo gani, hotpoti pana kama matairi, ndoo za aiskrimu, Mama Kulwa yeye alileta sufuria zima kalifunga kwa kanga. Wageni wa Houston nao wakapotea njia (simu za mkononi walikuwa nazo wenye pesa), njaa ikauma, mchungaji akaombea chakula, nami napakua pilau nikaona mtu anajaziwa sahani kisha anasogeza na sufuria.

"Mama Kulwa, kufungasha si mpaka mwisho?"

"Mwanangu, si ulisema tutunze mazingira? Ndiyo nayatunza," akanijibu, akachagua na nyama.

Wa nyuma yake wakaona, wakaogopa kukosa, nao wakasogeza vyao, na mimi badala ya kuweka mwiko chini nikaendelea kupakua kama mashine. Mlango ulipofunguliwa Mama Yona akaingia na kitenge chake cha sikukuu, nyuma yake Shemeji Yona mwenye uso wa mtu aliyegombezwa njia nzima, kwenye sufuria la pilau palibaki karafuu na ukoko. Sahani nazo hawakuwa nazo, maana watu wa Houston hakuna aliyewaambia (na wa kuwaambia nilikuwa mimi).

"Tumechelewa, eti," Mama Yona akasema, akichungulia. "Naona wenzetu wameshashiba."

Nikajua sherehe imekwisha na uchumba unafuata. Dada akavua viatu vyake vya kisigino, akachukua sinia tupu, akaenda kusimama mlangoni.

"Hatoki mtu," akasema taratibu. "Mama Kulwa, anza wewe."

"Rehema mwanangu, hili nimeshalifunga."

"Lifungue."

Wakarudisha mmoja mmoja, pilau juu ya pilau, ya mwingine imeshachanganyika na kachumbari, baadhi wanacheka, wengi wananitazama mimi. Mama Yona akapakuliwa kwenye sahani yangu, ya kitoto, yenye picha ya dubu. Alikula yote, kisha akamwinamia mwanawe, kwa sauti ambayo hata waliokuwa nje waliisikia.

"Huyu ndiye. Nyumbani kwako hakitapotea hata kijiko."

Walioana, na siku hizi wana nyumba DeSoto yenye jiko kubwa kuliko ule ukumbi, ila sasa kila familia hula Krismasi yake peke yake, na mimi nakumbuka tulivyobanana siku ile natamani hata ile aibu irudi. Sahani za kutupa bado sinunui, na kuhoji sijaacha. Lakini nimeapa: nikiandaa sherehe, vyombo vya kufungasha vinabaki kwenye magari mpaka mgeni aliyetoka mbali kuliko wote ashibe.