Kisanduku Kilichopenda Vizibao

Fundi wa taa za barabarani alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kujaza makutano mazima. Wenzake walimwita Mama Taa. Akipanda ngazi na kufungua kisanduku cha nguzoni, aligombeza nyaya kama watoto watundu, na mara nyingi zilimtii.

Mumewe alikuwa muuza mikate. Kila asubuhi alivuka barabara kuu akisukuma baiskeli iliyobeba makreti marefu kuliko yeye, na kila asubuhi Mama Taa alishinda roho juu mpaka ampigie simu kwamba amefika. Lori lilikwisha kumng'oa kreti moja. Mikate ilisagwa, yeye akapona kwa kudra ya Mungu. Kwa hiyo jiji lilipoleta vihisi, yaani visanduku vyenye kamera vinavyomwona anayevuka na kuzuia magari yasiruhusiwe mpaka amalize, Mama Taa aliomba apewe makutano yale yale. Hakumficha mtu sababu.

Jumamosi wakubwa wa jiji wangekuja kujionea. Kihisi kikishindwa, kingeng'olewa, na muuza mikate angerudi kuvuka kwa bahati.

Kikosi cha Mama Taa kilikijaribu wiki nzima, ili kijifunze umbo la mtu anayevuka. Walivuka wakikimbia, wakichechemea, wakirudi kinyumenyume. Kila mara taa ya magari ilibaki nyekundu mpaka wa mwisho wao akanyage ukingo. Wakapongezana.

Alhamisi mchana mumewe alimletea chakula, akasimama ng'ambo. Mama Taa alikuwa amevua kizibao chake cha reflekta ili akifute matope, akavuka hivyo hivyo. Hata katikati hajafika, magari yakapewa kijani! Breki zikalia. Dereva mmoja akaporomosha tusi lisiloandikika.

"Wewe mwanamke, umechoka kuishi?" mumewe alifoka.

Mama Taa alikuwa akiwatazama wenzake, wote ndani ya vizibao vinavyong'aa, kama sheria ya kazi inavyotaka. Wiki nzima hakuna aliyevuka bila kizibao. Walikuwa wamekifundisha kisanduku kuwaona mafundi tu, na wananchi wajijue wenyewe.

"Kesho ukimaliza mikate, njoo uvuke hapa," alimwambia mumewe.

"Mara ngapi?"

"Mpaka kikujue kama ninavyokujua mimi."

"Basi tutazeekea hapa, mke wangu."

Mficha uchi hazai. Mama Taa alimpigia simu msimamizi wake, akamweleza yote bila kupaka rangi. Msimamizi akaguna. "Hata mimi nilivuka na kizibao. Ita watu."

Ijumaa majirani walikuja kama walivyo: mama na mwanawe mgongoni, fundi cherehani chini ya mwavuli, kinyozi kwenye kiti cha magurudumu, muuza mikate na makreti yake. Walivuka na kuvuka mpaka kinyozi akauliza kama wamelogwa, huku msimamizi akikifundisha kisanduku upya kwa kompyuta yake.

Jumamosi wakubwa wakajipanga kando ya barabara. Muuza mikate akaingia barabarani. Alipofika katikati, mnyororo wa baiskeli ukachomoka na kujisokota kwenye gurudumu.

Muuza mikate akainama chini ya makreti, akahangaika na mnyororo. Muda wa kawaida wa taa ukaisha. Lori la mbele likanguruma, na nyuma yake honi zikaanza, moja, mbili, msururu mzima. Taa ikabaki nyekundu. Nyekundu, jamani, haikupepesa! Mumewe akaurudisha mnyororo, akafuta grisi kwenye suruali, akaendelea kusukuma taratibu kama bwana harusi, na wakubwa wakapiga makofi.

Mama Taa hakupiga makofi. Alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, akiyapazia magari sauti yake yote: "Pigeni honi mpaka zikauke! Mume wangu ameonekana!"